Mpaka Ua Lizame

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika ncha, wakaegemea nyuma mpaka shuka likakaza, kisha mmoja humwendea mwenzake, akamkabidhi ncha zake na kuinama kuokota mkunjo uliobaki chini. Sidi na Ruwaida walifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya ufuoni, Malindi. Miguu yao ilishazoea, hatua nne kwenda na nne kurudi, nao midomo yao ilizungumza mambo mengine kabisa.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, saa nne na dakika kumi asubuhi, Sidi aliegemea nyuma ili alikaze shuka, akalala. Ruwaida hakuliona hilo kwa sababu alikuwa amelala upande wa pili. Hakuna aliyeanguka. Shuka lilikuwa limekaza baina yao, kila mmoja akimshikilia mwenzake, na wakabaki hivyo wamesimama mpaka saa sita na robo.

Gitau, msimamizi wa dobi, alipita mara tatu na toroli lake. Mara ya kwanza aliwaita majina. Mara ya pili alitazama saa. Mara ya tatu aliinama akapita chini ya shuka, maana toroli za taulo zilikuwa zinangojwa juu.

Walipoamka walikuwa wepesi wa mwili, na wote wawili walikuwa na hamu ya uji.

"Nyinyi mlikesha wapi?" Gitau aliuliza. "Kwa matanga ama kwa harusi?"

"Hatukukesha," alisema Sidi.

"Basi kesho mlale kwenu. Hapa watu wanalipwa macho ikiwa wazi."

Siku ya Jumanne, saa ileile, Sidi alikuwa kwenye pasi, na kitambaa cha meza kikaungua kikatoka na alama ya pasi nzima katikati. Siku ya Jumatano walihesabiwa kumi na wawili waliolala, hoteli nzima. Mmoja alilalia taulo za bwawa. Mwingine, wa jikoni, alilala ameshika kitunguu. Wanawake wasio na watoto hawakulala, wala wale ambao watoto wao walishaingia shule. Waliobaki macho waliwazunguka wenzao na kuendelea na kazi, wakinung'unika juu ya mashuka, si juu ya usingizi.

Ilipofika Alhamisi, Sidi na Ruwaida walisimuliana ndoto. Sidi aliota yuko chini sana. Kitanda kilikuwa juu yake kama dari, na jogoo alipita mbele ya uso wake, kucha zake nene kuliko vidole vyake yeye. Kisha mkono wenye hina iliyofifia ulishuka na kikombe kidogo cha kahawa, na ndani ya kikombe, chini kabisa, palikuwa na ua la buluu.

"Mimi sikumwona jogoo," alisema Ruwaida. "Niliona tundu la ukutani, nikatia kidole, kukawa na mchanga. Lakini kikombe nilikiona."

"Chenye ua?"

"Chenye ua. Na dawa tamu, ya rangi ya waridi."

Walitazamana. Wote wawili walikijua kikombe hicho.

Bi Mahfudha alikuwa mjane wa mtaa wa Shela. Marehemu mumewe aliuza kahawa chungu barazani, jioni kwa jioni, na alipofariki alimwachia mkewe nyumba ya vyumba viwili, dele la shaba la kahawa na vikombe kumi na viwili. Mwaka wa tisa sasa Bi Mahfudha aliwalea watoto wa wanawake wanaofanya kazi. Aliwapokea alfajiri na kuwarudisha magharibi. Walikuwa kumi na tisa, mkubwa wao hajatimiza miaka minne, na Bi Mahfudha alikuwa peke yake. Hakuwahi kumpiga mtoto. Aliwaosha, akawalisha, na walipokuwa wakinywa uji alitandika mswala pembeni akaswali Dhuha huku sikio moja likiwa kwao.

Mwezi wa tisa mikanju, miti ya korosho, hutoa maua, na upepo huleta maua pamoja na vumbi. Watoto walianza kupiga chafya, macho yakawavimba, pua zikachuruzika. Mmoja akilia kumi na wanane humfuata. Bi Mahfudha alikwenda duka la dawa, na muuzaji, kijana anayeitwa Dedan, akampa dawa ya aleji ya maji, pamoja na kikombe cha plastiki cha kupimia. Alimwambia italeta usingizi kidogo. Bi Mahfudha hakuliona hilo kuwa ni ila.

Kikombe cha plastiki kilitafunwa na mtoto siku hiyohiyo. Bi Mahfudha alitafuta kitu kidogo cha kupimia akakumbuka vikombe vya marehemu. Akachukua kimoja, akamimina mpaka ua lililochorwa chini lizame. Aliona ndicho kipimo. Akaisomea Fatiha, akamwomba Mola awaponye hawa watoto na awape raha mama zao, wanaotoka kiza na kurudi kiza. Akawanywesha mmoja mmoja, kila mmoja na bismillahi yake.

Jumatatu ile, saa nne na dakika kumi, aliwalaza mkekani. Wakaamka wote.

Mbodze, binti yake Sidi, alikuwa na miaka miwili na nusu, na bado hakuweza kuvaa suruali bila kuingiza miguu yote miwili katika tundu moja. Alikwenda kwenye kamba, akavuta leso ya Bi Mahfudha, akaikung'uta, akashika ncha mbili na kungoja. Raiya, binti yake Ruwaida, akaja akashika ncha nyingine. Wakaegemea nyuma mpaka leso ikakaza. Kisha Mbodze akamwendea mwenzake, hatua tisa, maana miguu yake ilikuwa mifupi. Akamkabidhi ncha zake na kuinama.

"Vuta," alisema Raiya.

"Legeza," alisema Mbodze.

Walikunja leso zote, shuka, pazia la mlango na mswala. Mtoto wa mwanamke wa jikoni aliomba kisu, na asipopewa akamenya vitunguu kwa kucha. Mtoto wa mwanamke anayesafisha ngazi za hoteli alipanda baraza na kushuka, akipangusa. Saa sita na robo waliacha kila walichoshika, wakalia njaa.

Bi Mahfudha alikaa kitako kwenye kibago akawatazama. Alimshukuru Mungu kwa utulivu, akaingia jikoni. Hakuwaambia mama zao kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Alhamisi hiyo waliuliza.

"Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba, wanangu. Mbona leo mapema?"

"Unawapa nini watoto ndani ya kikombe chenye ua?" aliuliza Sidi.

"Dawa ya aleji. Mafua yamewashika, huyaoni?"

"Mwanangu hapigi chafya."

"Hapigi kwa sababu nampa."

Mbodze alikuwa amekaa mlangoni, macho mekundu, mikono miwili imeshika kiuno kwa nyuma. Sidi aliutambua mkao ule. Ulikuwa wake mwenyewe, wa saa kumi jioni.

"Bi Mahfudha," alisema Ruwaida, "na mimi nina swali langu. Saa nne nalala nimesimama, naamka saa sita na robo. Udhu niliotia asubuhi umetenguka?"

Bi Mahfudha alifikiri. "Usingizi ni wako?"

"Si wangu. Naota ndoto za Raiya."

"Kama ni wa mtoto, mtoto hana udhu wa kutenguka. Lakini aliyelala ni wewe." Akafikiri tena. "Tia mwingine, mwanangu. Maji yapo."

Wakafuatana wote watatu mpaka kwa Dedan, Bi Mahfudha amekiweka kikombe ndani ya buibui. Dedan alikijaza maji mpaka ua likazama, akayahesabu kwa kijiko cha dawa. Vijiko vitatu, na matone.

"Mama, hii ni nyingi sana," alisema Dedan. "Mtoto wa umri huu ni daktari kwanza amwone, ndiyo aseme kama apewe, na kiasi gani. Na asiyepiga chafya hapewi kabisa. Hii si dawa ya kulaza watoto."

"Lakini hawakulala," alisema Bi Mahfudha.

"Wako watoto dawa hii huwageuza. Badala ya kulala, wanachangamka. Imeandikwa."

"Na mama zao?" aliuliza Sidi.

Dedan aliifunua ile karatasi ndogo ya ndani ya boksi, akaisoma upande wa kwanza, akaigeuza akasoma wa pili, akaiweka kwenye mwangaza.

"Mama hajaandikwa," alisema.

Akachukua kalamu nyekundu akaandika kwenye chupa, kwa herufi kubwa, *Kwanza daktari*. Bi Mahfudha alisema astaghfirullah mara tatu, na kwa kweli alimaanisha. Walipofika kwenye kona ya msikiti alisema, "Mimi niliomba mpate raha. Sikusema itoke wapi."

Ijumaa watoto hawakupewa kitu. Walipiga chafya mpaka adhuhuri, wakagombana, wakamwagiana uji, wakalala wenyewe hapa na pale kwenye sakafu. Huko hotelini mama zao walikuwa macho kutwa nzima. Sidi alikunja mashuka yote ya upande wa bwawa. Miguu ilimuuma, na alifurahi kwamba ni yake.

Lakini Gitau alikuwa amedai barua za kujieleza. Sidi alisoma mpaka darasa la saba, na aliandika kwa mwandiko mzuri: *Saa nne na dakika kumi mwanangu Mbodze alikuwa akipewa dawa ya aleji. Mimi nililala usingizi wake, na yeye alibaki macho badala yangu. Alikunja nguo. Sasa hapewi tena. Naomba msamaha kwa kitambaa cha meza.*

Gitau aliisoma barua akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena.

"Anakunja vizuri?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyu mtoto."

"Anakunja kama mimi," alisema Sidi, na papo hapo akatamani angesema anakunja vibaya.

Wiki iliyofuata hoteli ilijaa Waitaliano. Mashuka yalishuka kutoka vyumbani yakarundikana mpaka dirishani. Jumanne asubuhi Gitau alipakia mafurushi mawili ya foronya kwenye tuktuk akaenda Shela, akavua viatu mlangoni kwa Bi Mahfudha. Alikuwa mtu wa adabu, na yeye pia alikuwa na wakubwa wake. Alileta na chupa ya dawa, ile kubwa.

"Ni foronya tu," alisema. "Pasi siwezi leta hapa, pasi ni hatari kwa watoto."

"Hawa ni amana za watu," alisema Bi Mahfudha. "Siwezi kuwapa kitu bila mama zao kuridhia."

"Kwani nani anakataa? Uliza wao."

Aliwauliza magharibi ile, mmoja mmoja, walipokuja kuchukua watoto. Aliwaeleza yote, pamoja na maneno ya Dedan. Wa jikoni akasema kwamba tangu azae hajawahi kulala saa mbili mfululizo. Wa ngazi akauliza kama malipo yangekuwa yaleyale. Yalikuwa yaleyale. Ruwaida alimtazama Raiya kwa muda mrefu.

"Hivi hata akikaa hapa kutwa analia tu," alisema, kama anayeuliza. "Si bora?"

"Sijui, mwanangu," alisema Bi Mahfudha. "Wallahi sijui."

Sidi alisema hapana. Mbodze asipewe.

Wengine walianza na kijiko kimoja, kwa sababu Bi Mahfudha alimwogopa Mungu na kidogo alimwogopa Dedan. Kijiko hakikutosha. Watoto walisinzia tu, mama zao wakapiga miayo, na foronya zikarudi hotelini zimekunjamana. Siku ya pili kikombe kilirudi.

Gitau alitandika mikeka katika stoo ya magodoro ili watu wasilale wamesimama. Kila siku saa nne na dakika kumi wanawake kumi na mmoja walikuwa wamelala pale safu mbili, na tuktuk ilikuwa Shela. Saa sita na nusu foronya zilirudi, pembe kwa pembe, nyingine zikiwa na alama ya kidole kilichoshika biskuti. Wageni hawakulalamika. Bibi mmoja wa Kiitaliano aliulizia nani anakunja vizuri hivyo.

Wasio na watoto walikuwa wamepelekwa vyumbani juu, na Sidi alikuwa macho peke yake ndani ya chumba cha dobi. Alishika shuka, akaegemea nyuma, na hapakuwa na mtu upande wa pili. Alijaribu kulifunga ncha kwenye mguu wa meza. Alijaribu kulitandika sakafuni, Gitau akamkataza kwa ajili ya uchafu. Alipokwenda stoo kutafuta msaada alimkuta Ruwaida amelala chali, mikono yake yote miwili ameinyoosha hewani, ameshika kitu kisichokuwepo.

Jioni alikwenda kumchukua Mbodze, akamkuta Raiya bado amekaa na foronya moja magotini.

"Huyu leo amesimama saa mbili ameshika ncha," alisema Bi Mahfudha. "Anamngoja wako. Nikimshikia mimi anasema si hivyo."

Mbodze alikuwa akicheza na jogoo. Alipiga chafya, akacheka, akamfukuza tena.

Ruwaida naye alikuja, amepumzika, uso wake umenawiri. "Mama Mbodze," alisema, "sikulazimishi. Ila mwanangu anafanya ya watu wawili. Wako anakimbiza kuku."

"Ni mtoto."

"Na wangu ni nani?"

Hilo ndilo Sidi alilokuwa akijiuliza tangu siku aliposema hapana, na kila akilishika upande mmoja, upande wa pili ulikuwa mtupu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Gitau alimwita. Hakumfokea.

"Sidi, mimi sikufukuzi. Lakini hii kazi ni ya watu wawili. Wewe mwenyewe ndiyo uliniambia siku ya kwanza, shuka haikunjwi na mtu mmoja. Sasa wenzako wako pande ile. Jumatatu sitakuwa na kazi ya mtu mmoja hapa."

"Kwa hiyo nimpe mtoto dawa."

"Sijasema hivyo. Mimi si daktari."

Usiku ule Sidi alimpigia mama yake simu, huko Adu. Mama alisema njoo, mwanangu, mahindi yamekauka lakini njoo, tutakula kitakachokuwepo. Baadaye akauliza kama angeweza kutuma kitu kidogo kabla hajaja. Sidi akasema atatuma. Alikaa kitandani simu ikiwa mkononi. Mbodze alikuwa amelala ubavuni pake, usingizi wake mwenyewe, kinywa wazi, pua ikiimba kwa mafua. Sidi alimwekea kiganja kifuani, akakaa hivyo, akijaribu kukumbuka ni lini yeye aliwahi kulala hivi. Alizikumbuka zile asubuhi nne tu.

Jumatatu alfajiri alimfikisha Mbodze kwa Bi Mahfudha. Vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya sinia, vimefunikwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama." Sidi alivua kandambili za Mbodze, akazipanga ukutani, ya kulia kulia na ya kushoto kushoto. "Kidogo tu," alisema.

"Nimejaribu kidogo. Kidogo hakifanyi kitu."

"Najua."

Bi Mahfudha alishusha macho. "Nitamsomea," alisema.

Saa nne na dakika kumi Sidi alilala kwenye mkeka, baina ya Ruwaida na wa ngazi. Alimwona jogoo akipita. Aliona tumbo la kitanda, mbao zake tatu, na buibui mdogo anayefanya kazi yake pembeni. Palikuwa na ubaridi mzuri chini pale na hakuna aliyemwita. Kisha mkono ukashuka na kikombe, ua likiwa limezama.

Ilipofika mwezi wa kumi na moja mikanju ilianza kuzaa, upepo ukageuka, na hapakuwa tena na mtoto mwenye chafya. Dawa iliendelea. Dedan aliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kila chupa aliyouza, na hakuna chupa aliyoisahau. Gitau aliongeza taulo ndogo.

Jioni moja Sidi alimrudisha Mbodze nyumbani, chumba chao cha Maweni. Saa hiyo nguvu ya dawa ilishakwisha. Mtoto alisimama katikati ya chumba, akashika kiuno kwa mikono miwili, akajinyoosha mgongo. Alitazama huku na huku. Akachukua leso ya mama yake iliyotupwa kitandani.

"Mama," alisema, "umelala?"

"Nimelala, mwanangu."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Mbodze alitikisa kichwa kukubali. Akaikung'uta leso, akashika ncha zake mbili, akangoja. Sidi akaweka chini mkoba wake, akashika ncha za upande wa pili.

"Vuta," alisema Mbodze.